Matangazo ya kazi vyuo vikuu vya utafiti ni ya kweli, au mtu huwa keshapangwa?

#1 Kalamu Kavu
Wakuu salaam. Naenda moja kwa moja.

Tangu mwaka jana nimetuma maombi 43 kwenye vyuo vikuu vya utafiti, nchi mbalimbali. 29 ni ya uhadhiri na utafiti wa mkataba, 14 ni ya upande wa utumishi: fundi sanifu wa maabara, meneja wa maabara, mratibu wa ruzuku. Shahada ya uzamivu ninayo, baiolojia ya molekuli. Machapisho manne, mawili nikiwa mwandishi wa kwanza. Nimeitwa kwenye usaili mara mbili. "Tumepokea maombi yako" nimejibiwa mara zote 43, maana hiyo anajibu kompyuta.

Kuna tangazo nililiomba mwezi wa tatu, likafungwa. Mwezi wa sita likarudi vilevile, mpaka kosa la tahajia kwenye mstari wa pili lilikuwa palepale. Nikaomba tena. Kimya.

Hoja yangu: haya matangazo ni geresha. Mtu yupo, kiti anacho, na koti lake limetundikwa mlangoni. Tangazo linawekwa ili sheria isiwaguse. Anayebisha aje na hoja.

#2 Tumbili Mtulivu
Nimeweka kambi hapa. Ngoja waje wenye vyuo vyao.

#3 Sauti ya Nyuma
Umesema kweli mkuu. Nilifanya kazi miaka miwili idara moja (siitaji), nikiwa kwenye mkataba wa mradi. Ulipokaribia kwisha, bosi akaniambia "nitaitangaza, wewe omba tu". Tangazo likaandikwa kama wasifu wangu: mashine niliyokuwa naiendesha, programu niliyokuwa naitumia, hadi aina ya samaki niliokuwa nawafanyia kazi. Waliomba watu 60 na ushee. Nikapata mimi. Mpaka leo nikikumbuka wale 60 najisikia vibaya, ila mkataba nilisaini.

#4 Kifaurongo
> "najisikia vibaya, ila mkataba nilisaini"

Umeua mkuu 😂

#5 MtuWaPipeti
Mleta mada, nakubaliana na wewe nusu. Mimi ni fundi sanifu wa maabara mwaka wa tisa sasa, na nimekaa upande wa pili wa meza mara nne. Ngoja nikuonyeshe meza yenyewe ilivyo.

Tangazo la kazi za utumishi huwa na vigezo vya lazima na vya ziada. Watu wengi wanavisoma kama maelezo tu. Kumbe hiyo ndiyo karatasi ya kusahihishia mtihani. Mara ya mwisho tulikuwa wawili, maombi 80 hivi, na jedwali: majina kushoto, vigezo juu, kila kisanduku alama 0 hadi 3. Ukipata 0 kwenye kigezo cha lazima hata kimoja, umetoka, hata uwe na uzamivu mbili.

Kigezo cha nne kilikuwa utunzaji wa friza za nyuzi hasi 80. Mmoja aliandika: "Nina uzoefu mkubwa wa kazi zote za maabara." Nikampa 1, mwenzangu akampa 0. Mwingine: "Kwa miaka miwili nilisimamia friza tatu za nyuzi hasi 80, nikiandika joto kila asubuhi, nikigema barafu ya mlangoni, na usiku mmoja umeme ulipokatika nilihamisha sampuli zote kwenye barafu kavu." 3, bila mjadala. Huyo wa kwanza alikuwa na shahada ya uzamivu. Wa pili alikuwa na stashahada.

Kwa hiyo kabla hujasema mtu kapangwa, niambie: zile 14 za utumishi ulijibu kigezo kimoja kimoja, au ulituma barua ileile ya uhadhiri?

#6 Kalamu Kavu
#5 mkuu, nilituma barua ya uhadhiri nikiibadilisha kidogo.

#7 MtuWaPipeti
Nilijua. Halafu mimi sio mkuu, mimi ni dada.

#8 Kalamu Kavu
Samahani sana dada yangu 🙏

#9 Mzee wa Nyayo
Vijana, mnachanganya madawati. Kazi ya utumishi na kazi ya taaluma ni milango miwili tofauti ya jengo moja. Utumishi unahesabu alama kama alivyoeleza binti hapo juu. Taaluma haihesabu. Taaluma inauliza "huyu ni mwanafunzi wa nani?"

Ushahidi: mwaka 2015 Clauset, Arbesman na Larremore walichapisha utafiti kwenye jarida la Science Advances. Robo tu ya vyuo vinazalisha kati ya asilimia 71 na 86 ya wahadhiri wote duniani. Kama hukusoma kwenye hiyo robo, unasukuma ukuta.

#10 Kikokotoo
Mzee wangu shikamoo. Marekebisho kidogo: sio duniani. Data ni ya Marekani na majirani, tena fani tatu tu: sayansi ya kompyuta, biashara na historia. Na wanaohesabiwa ni walio kwenye ngazi ya kuelekea ajira ya kudumu, sio wahadhiri wote.

Ila hoja yako haifi, inapata nguvu. Mwaka 2022 baadhi ya watafiti haohao, safari hii wakiongozwa na Wapman, wakatoa kazi kubwa zaidi kwenye jarida la Nature, fani zote, data ya 2011 hadi 2020. Asilimia 80 ya wahadhiri waliosomea uzamivu Marekani walitoka kwenye asilimia 20.4 ya vyuo. Vitano peke yake, yaani Berkeley, Harvard, Michigan, Wisconsin–Madison na Stanford, vilimfundisha karibu mmoja kati ya kila wanane.

Lakini hapo huwezi kusema "mtu kapangwa". Anaweza asipangwe mtu yeyote na matokeo yakawa yaleyale.

#11 Mzee wa Nyayo
Marahaba. Nimekubali kusahihishwa. Uzee huu.

#12 Chumvi ya Bahari
Naongeza lingine ambalo hamjaligusa: jina. Mwaka 2012 Moss-Racusin na wenzake walituma maombi ya aina moja kwa wanasayansi 127 wa vyuo vikuu vya utafiti Marekani. Kazi ilikuwa ya umeneja wa maabara, ile ile anayoililia mleta mada. Maombi yanafanana neno kwa neno, ila nusu yaliandikwa John na nusu Jennifer. John akapimwa kuwa na uwezo zaidi na akapangiwa wastani wa dola 30,238 kwa mwaka. Jennifer dola 26,508. Na maprofesa wanawake nao walimpunja Jennifer vilevile.

Sasa kama John na Jennifer yanawasumbua, hebu fikiria jina ambalo msomaji hawezi hata kulitamka.

#13 Dalili Njema
#12 na utafiti wa 2015 wa Williams na Ceci? Huo ulikuta wahadhiri wakimpendelea mwanamke mbili kwa moja kwenye nafasi ya profesa msaidizi. Mbona huo hamuuleti?

#14 Chumvi ya Bahari
Naujua. Kwenye ule wahadhiri walisomeshwa maelezo ya waombaji walioundwa wote kuwa bora kabisa. Mtu akiwa wazi kwamba ni bora, jina halina pa kuingilia. Upendeleo unaota pale penye utata.

#15 Dalili Njema
Hayo ni maelezo yako dada, sio matokeo ya utafiti.

#16 Chumvi ya Bahari
Kaka 😏

#17 Tumbili Mtulivu
Humu ndani watu hawajui jinsia za wenzao halafu wanajadili upendeleo wa kijinsia. Naongeza kuni motoni, endeleeni.

#18 JongooBahari
Mimi naona mnatafuta mchawi wakati hakuna maiti. Tangazo kurudi halina maana moja. Sababu ninazozijua kwa macho yangu:

Hela haikuja. Kazi nyingi za utafiti zinalipwa na ruzuku, na mkuu wa mradi anatangaza akiwa na matumaini kuliko pesa. Ruzuku ikichelewa, tangazo linalala. Ikija, linaamshwa lilivyo, na kosa lake la tahajia, kwa sababu hakuna anayelisoma tena.

Au aliyechaguliwa alikataa. Wa pili naye kapata kwingine. Wa tatu hakufikisha alama. Wanaanza upya.

Au chuo kizima kimefunga mlango. Machi 2025 Harvard ilitangaza kusimamisha ajira, Stanford ilishatangulia kidogo, kwa sababu ya wasiwasi wa fedha za serikali kuu. Mimi mwenyewe nilishawahi kufika hadi usaili wa mwisho chuo kimoja, nikaonyeshwa na dawati langu. Wiki mbili baadaye barua: "nafasi imeondolewa". Wala hakuwepo John wala shemeji wa mtu. Hela tu.

#19 Sauti ya Nyuma
#18 ulionyeshwa dawati?? Pole aisee.

#20 JongooBahari
La dirishani.

#21 NyotaYaAsubuhi
Nami niongeze sababu ambayo wengi hawaijui, na hii inampa mleta mada haki yake. Marekani mwajiri akitaka kumwombea mfanyakazi wa kigeni ukaazi wa kudumu kwa njia ya kawaida, lazima aionyeshe Wizara ya Kazi kwamba nafasi ilitangazwa na watu wakashindanishwa. Kwa walimu wa chuo kikuu kuna unafuu: wanaruhusiwa kutumia mchakato uleule uliompatia mtu kazi, mradi wapeleke makaratasi ndani ya miezi 18 tangu achaguliwe. Miezi ikipita, tangazo linarudi sokoni na mwenye kiti amekaa anafundisha. Kwa hiyo matangazo ya koti mlangoni yapo, ila aliyetundika koti ni mgeni kama wewe.

Uingereza nako kuna la aina yake. Vyuo vingi, mkataba wa mtu ukikaribia kwisha, anaingizwa kwenye orodha ya walio hatarini kupoteza kazi, na nafasi mpya wanaonyeshwa wao kwanza. Unaona tangazo leo, kesho halipo.

#22 Kifaurongo
Kwa hiyo suluhisho nenda Ujerumani. Kule ukimaliza uzamivu unaingia moja kwa moja, kazi ya kudumu, unazeekea hapohapo.

#23 Kikokotoo
Chai hiyo mkuu. Ujerumani kuna sheria ya mikataba ya wanasayansi, ya mwaka 2007. Miaka 6 ya mkataba kabla ya uzamivu, 6 baada yake, na kwa fani ya tiba 9 baada yake. Ikiisha na hujapata uprofesa, kwa kawaida njia hiyo imefungwa, labda ulipwe na fedha za mradi wa nje. Mwaka 2021 wizara yao ilikuwa na video ya katuni inayoitetea sheria hiyo ya mikataba kwa mfano wa mtafiti wa kubuni aitwaye Hanna. Wanasayansi wakafurika mitandaoni wakiandika "mimi ni Hanna". Kilikuwa kilio.

Na uprofesa wenyewe, desturi yao ni kwamba chuo ulichokulia hakikuajiri hivi hivi. Lazima utoke kwanza.

#24 Kifaurongo
Basi Uingereza. Kule si wana ajira ya kudumu kama Marekani?

#25 Mzee wa Nyayo
Hapo sasa mimi ndiye nitakayesahihisha. Kinga ile ya zamani Uingereza waliifuta kwa Sheria ya Mageuzi ya Elimu ya 1988, kwa wote walioajiriwa au kupandishwa cheo kuanzia 20 Novemba 1987. Leo kuna mkataba usio na kikomo, lakini idara ikifungwa nawe unafungwa nayo. Marekani ndiko ilikobaki, na kule msingi wa tamko la 1940 la chama cha maprofesa na umoja wa vyuo ni kwamba majaribio yasizidi miaka saba. Ukifaulu umekaa. Ukishindwa unapewa muda wa kufunga mizigo.

#26 Tumbili Mtulivu
Mzee karudi kwa kishindo 😂

#27 MtuWaPipeti
Turudi kwa mleta mada jamani, kijana ana maombi 43. Zile mara mbili ulizoitwa, nini kilitokea?

#28 Kalamu Kavu
Ya kwanza Uingereza. Tuliitwa watano siku moja, tukakutana sote mapokezi, tumevaa suti, tunatabasamiana kama wake wenza. Dakika 20 za kuwasilisha, 40 za maswali. Nilidhani nimefanya vizuri. Wakauliza "ruzuku yako ya kwanza utaiomba wapi, na kiasi gani?" Nikasema nitaangalia fursa zitakazojitokeza. Nikamwona mmoja anaweka kalamu chini. Saa 12 jioni hiyohiyo nikapigiwa simu: asante, hapana.

Ya pili Marekani, siku mbili nzima. Mhadhara wa dakika 50, mikutano ya nusu saa nusu saa na watu 11, na hata chakula cha jioni nacho ni usaili ila hakuna anayekwambia. Majibu sijapewa mpaka leo, huu mwezi wa saba.

#29 Chumvi ya Bahari
Kalamu iliwekwa chini pale pale, na hukuona kwamba hakuna aliyepangwa? Walitaka jibu wakalikosa. Kwenye chuo cha utafiti mhadhiri mpya ni mtu wa kuleta fedha. Ungetaja mfuko, mwezi wa kuomba, na kazi ya kwanza utakayoifanya na hela hiyo.

#30 Sauti ya Nyuma
#29 au walishampanga mmoja wa wale wengine wanne na wakamtafutia huyu kosa. Hutajua.

#31 Kikokotoo
Sweden utajua. Vyuo vingi kule ni vya umma na nyaraka zao ni za wazi kwa sheria. Unaomba orodha ya walioomba na unapewa. Kwa uhadhiri na uprofesa wanaleta wataalamu wa nje wanaoandika tathmini ya kila mwombaji aliyefika hatua hiyo, nayo unaisoma. Rafiki yangu aliisoma ya kwake. Kurasa mbili na nusu. Wameandika machapisho yake "yana upana lakini hayana uti wa mgongo". Aliumia siku tatu, halafu akaanza kukubaliana nao.

#32 JongooBahari
"Hayana uti wa mgongo". Na mtu wenyewe anafanyia utafiti konokono au?

#33 Kikokotoo
Ngisi 😂 nisamehe rafiki yangu kama unasoma.

#34 Dalili Njema
Kalamu Kavu, unatafuta wapi hayo matangazo? Isije ikawa unaokota yaliyooza. Uingereza jobs.ac.uk, Ulaya EURAXESS, Marekani HigherEdJobs, hisabati wana MathJobs yao. Zote mwombaji halipi. Halafu hakikisha tangazo kwenye ukurasa wa chuo chenyewe. Ukiona wanataka "ada ya kushughulikia faili", kimbia.

Na kama una uzamivu, usikalie matangazo tu. Ruzuku za Marie Skłodowska-Curie, za Umoja wa Ulaya kwa watafiti wenye uzamivu, unaomba wewe pamoja na mwenyeji wako, hakuna kiti cha mtu pale. Sharti kubwa ni kwamba usiwe umeishi au kufanya kazi nchi unayokwenda zaidi ya miezi 12 katika miezi 36 iliyotangulia.

#35 Kalamu Kavu
Hizo zote ninazo ila hiyo ya mwisho sikuifikiria. Asante.

#36 MtuWaPipeti
Weka hapa aya ya kwanza ya barua yako. Ficha majina.

#37 Kalamu Kavu
"Naandika kuonyesha nia yangu ya dhati katika nafasi iliyotangazwa katika chuo chenu chenye hadhi ya kimataifa. Mimi ni mtafiti mwenye bidii na shauku, ninayeweza kufanya kazi peke yangu na pamoja na wengine, na ninaamini nitakuwa nyongeza yenye thamani."

#38 Tumbili Mtulivu
Mkuu hii barua hata friza la nyuzi hasi 80 linaweza kuiandika.

#39 MtuWaPipeti
Tumbili mwache. Kalamu, ukifunika jina lako hapo, ni nani kati ya wale 80 hakuiandika? Anza na ulichokifanya kwa mikono yako. Ulifanya kazi gani ya uzamivu, kwa sentensi moja, kama unamweleza mama yako?

#40 Kalamu Kavu
Nilitafuta kwa nini vimelea fulani vinaacha kusikia dawa. Nilivikuza miezi 14, vikafa mara mbili, mara ya tatu nikagundua kifaa cha kupashia joto kilikuwa kinadanganya kwa nyuzi mbili.

#41 MtuWaPipeti
Hiyo ya kifaa kudanganya ulishaiandika kwenye ombi lolote?

#42 Kalamu Kavu
Hapana, niliona ni aibu.

#43 MtuWaPipeti
Ee Mola.

#44 Mzee wa Nyayo
Binti, kwa kazi ya maabara sawa. Kwa uhadhiri hiyo hadithi haimfikishi popote kama barua za wadhamini ni za watu wasiojulikana. Nani wanakuandikia, kijana?

#45 Kalamu Kavu
Msimamizi wangu, mtahini wa nje, na mkuu wa idara. Mkuu wa idara hanifahamu sana kusema kweli.

#46 Mzee wa Nyayo
Mtoe huyo leo. Barua ya mtu asiyekujua inasomeka kuwa hakujui.

#47 Sauti ya Nyuma
Mzee lakini barua yenye cheo...

#48 Chumvi ya Bahari
Cheo bila habari ni nusu ukurasa wa sifa za chuo. Nimezisoma nyingi. Namuunga mkono mzee, ingawa kule juu alisema kila kitu ni "mwanafunzi wa nani".

#49 Mkia wa Nyangumi
Jamani samahani, mimi ni mkutubi. Je, vyuo hivi vinaajiri wakutubi wa data za utafiti kutoka nje, au nao ni koti mlangoni?

#50 Kifaurongo
Fungua uzi wako mkuu, huku tunazika barua ya mtu.

#51 NyotaYaAsubuhi
#49 njoo pembeni, nina cha kukuambia.

#52 Kalamu Kavu
Wakuu, ile aya nimeifuta. Mkuu wa idara nimemtoa. Ila leo asubuhi lile tangazo limetoka mara ya tatu. Meneja wa maabara, lilelile. Kosa la tahajia bado lipo mstari wa pili. Naomba au siombi?

#53 Sauti ya Nyuma
Usiombe. Mara ya tatu hiyo, koti limeshaota ukungu pale mlangoni.

#54 JongooBahari
Omba. Hela imekuja.

#55 MtuWaPipeti
Chini ya tangazo pana jina la mtu wa kuuliza maswali yasiyo rasmi?

#56 Kalamu Kavu
Lipo. Sijawahi kumwandikia, nilidhani ni pambo.

#57 MtuWaPipeti
Mwandikie sasa hivi. Mistari minne. Muulize kazi ni mpya au kuna anayeifanya, na friza wanazo ngapi.

#58 Tumbili Mtulivu
Na umtajie lile kosa la tahajia.

#59 MtuWaPipeti
Tumbili!!

#60 Kalamu Kavu
Nimetuma. Kosa sijalitaja.